Mutu Peke Yake ni Ngapi?

Swali hilo nimemsikia akiliuliza karibu kila mahali. Kwa mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa motari wa pikipiki, ambazo sisi tunaziita moto, hata parokiani siku walipotangaza basi la hija. Watu wengine wanauliza bei tu. Yeye anasimama, anashika mkoba wake mbele ya tumbo, anasema kwa ile sauti ya darasani: "Na mutu peke yake ni ngapi?" Siku moja motari wa kwenye kona alichoka naye, akamjibu: "Madamu, ku moto huku unaona batu bangapi? Ni miye na weye. Ama nikutafutie bwana wa kukaa katikati?" Wenzake walicheka mpaka mmoja akalalia usukani. Madamu hakucheka. Alipanda, akakunja sketi yake vizuri, akasema, "Twende. Na usinipakilie mutu mwingine njiani."

Hapa Ndosho, mjini Goma, wote tunamwita Madamu wa Jeo, kwa sababu anatufundisha jeografia. Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sikuwahi kuuliza, na hata ningetaka, mimi si mtu wa kuuliza. Ninaandika juu yake kwa sababu mambo yangu mwenyewe ni machache: naamka, nachota maji, nasoma, nanyamaza. Yeye ndiye mtu pekee ambaye nimemwangalia kwa muda mrefu bila yeye kunifukuza wala kunilazimisha kusema kitu. Tunaishi parseli moja. Nyumba yetu ya mbao iko mbele, chumba chake kiko nyuma, na katikati, juu ya mawe meusi ya volkano, kuna kamba ya kuanikia nguo ambayo ni ya wote.

Mimi aliniita Kisiwa. Ilianzia darasani, siku aliponiuliza swali nikasimama bila kutoa sauti, mpaka wenzangu wakaanza kupiga madawati. Alinitazama, akasema, "Kaa, Kisiwa. Kisiwa nacho kiko kwenye ramani." Tangu siku hiyo hakuna mwalimu mwingine ninayemheshimu hivyo.

Alichokitaka kilikuwa kimoja. Alitaka kufanya kruaziere, yaani ile safari ya meli kubwa ambayo mtu hapandi ili afike mahali, anapanda ili azungushwe baharini na kurudishwa alikotoka. Tena alitaka kuifanya peke yake. Jioni, simu yake ikishatoka kwenye kibanda cha kuchajia, alikuwa anakaa kwenye kibaraza chake akitafuta bei kwenye intaneti, na mimi nakaa kwenye jiwe pembeni naosha vyombo polepole ili nisikie. Alikuwa anasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma tangazo la kanisani: siku nane, bandari tano, chakula ndani. Halafu sauti inabadilika.

"Angalia, Kisiwa. Hapa wameandika ni bei ya mutu moja. Nimebonyeza mutu moja. Sasa wananiambia nilipe ya batu babili."

"Juu ya nini, Madamu?"

"Juu kitanda cha pili kitakuwa kinalala peke yake."

Hilo lilimuuma kuliko vita. Aliniambia kwamba ulimwengu mzima, si Goma tu, umepangwa kwa ajili ya watu wawili wawili, na mwenye kuja peke yake anatozwa faini. Lakini hakukata tamaa, alianza kujifunza ujanja. Alijua kwamba kabine za ndani, zile zisizo na dirisha, ni rahisi zaidi. Alijua kwamba kuna wakati katika mwaka meli inahama kutoka bahari moja kwenda nyingine kwa ajili ya majira, na kwa kuwa wenye meli hawapendi kuhamisha vitanda vitupu, wanashusha bei. Alijua kwamba kuna meli chache ambazo zimejenga vyumba vidogo vya mtu mmoja, na kwamba vyumba hivyo vinaisha kabla hata wewe hujamaliza kununua mega za intaneti. Alijua pia kwamba unaweza kukubali kuwekwa pamoja na mwanamke usiyemjua, mkagawana kabine na bei. Mama yangu aliposikia hilo alifurahi. "Si njo muzuri, Madamu? Mutapiga masimulizi."

"Mama," alijibu, "nimelala chumba kimoja na dada zangu. Nimelala darasani na familia kumi na mbuzi zao. Masimulizi nimeshiba."

Kabla hajaamua juu ya kabine ya ndani alitaka kuijaribu. Ndivyo alivyo, haamini kitu mpaka akipime. Alisoma kwenye simu urefu na upana wa kabine, akachukua mita ya fundi mbao, akapima chumba chake. Vililingana karibu sawa, isipokuwa yeye ana dirisha. Basi Jumapili moja baada ya misa alitundika vikwembe viwili, vitenge vyake vya kuvaa, kwenye dirisha, akaziba nyufa za mbao kwa kurasa za mitihani ya zamani, akafunga mlango. Sisi nje hatukujua. Mama alipiga hodi kumpa chai, ikajibu sauti kutoka gizani: "Niko baharini, mama. Acha kwanza." Mama aliniangalia, akaweka kikombe chini, akaenda kumwambia jirani kwamba malaria imepanda kichwani.

Alitoka jua likiwa limeshapita katikati. Alisimama mlangoni akifumba macho kwa mwanga, na mara moja hii tu nilimwona kama mtu aliyeshindwa.

"Haiwezekani," akasema. "Si juu ya giza. Ni juu nimezoea. Kabine ya ndani ni kama huku kwetu. Uwanja wa ndege umefungwa, barabara yenyewe unajua, nyuma volkano, mbele maji, pembeni mupaka. Siwezi kulipa makuta ili niende kukaa tena mahali bila dirisha."

Toka siku hiyo alitafuta za dirisha tu, ingawa zilikuwa ghali zaidi.

Nisiandike kama vile alikuwa mtu wa pole tu. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akisema "Ulaya ni nchi" anaandika mistari mpaka kalamu inaisha. Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo vya ajabu: chumvi anakupa bure, lakini kiberiti hakopeshi hata ukilia. Alisema hapendi watoto, na kila Alhamisi kibaraza chake kilijaa watoto wa avenyi, yaani mtaa wetu, anaowafundisha kusoma ramani bila malipo. Na jambo ambalo sikulielewa kabisa ni hili: alikuwa anaogopa maji. Ziwa liko karibu, kila mtu anaenda kufua, kuoga, kupiga picha siku ya harusi. Yeye alikuwa anasimama mbali, kwenye nyasi, viatu miguuni. Darasani alitufundisha juu ya gesi iliyolala chini ya ziwa Kivu, na alipofika hapo alikuwa anashusha sauti kama mtu anayeogopa kuiamsha. Mvulana mmoja alimuuliza, "Madamu, kama unaogopaka ziwa, bahari utaiweza je?" Alijibu, "Ziwa hili naliogopa juu nalijua."

Lakini siku aliyoniambia maneno ambayo nimeyaweka kichwani, hakuwa anacheka wala hakuwa mkali. Ilikuwa wakati wa zile wiki ambazo watu walikuwa wanapita kutoka upande wa Sake wakikimbia vita, vitu vichwani, barabara nzima, na sisi tumesimama kwenye mlango wa parseli tunawaangalia. Mimi nilizaliwa Masisi, nilifika Goma mgongoni mwa mama. Yeye aliwatazama mpaka mwisho, halafu akasema:

"Unaona, Kisiwa, sisi ni batu ba kutembea kuliko bote duniani. Nimekimbia lava. Nimekimbia bunduki. Nimekimbia hata uvumi. Lakini kusafiri, bado. Hata siku moja. Miye nataka nitoke mara moja tu bila godoro kichwani. Nitoke juu napenda, na nirudi juu imeisha."

Hapo nilielewa kwamba haikuwa mchezo wa simu.

Alikuwa na pasipoti. Aliitafuta miaka ile ofisi zilipokuwa bado zinafanya kazi, akaiweka ndani ya Biblia, ndani ya nailoni, haina muhuri hata mmoja. Siku moja alipata kwenye simu kruaziere yenye dirisha, ya wakati meli zinahama, bei ambayo yeye mwenyewe hakuiamini. Alivaa vizuri akaenda mjini kwa kijana wa ajansi, yule anayeuza biye, yaani tiketi, za mabasi na za ndege ambazo hazitui tena. Alinichukua twende wote. Alisema nibebe mwavuli, lakini nadhani alitaka shahidi.

Kijana aliigeuza pasipoti, akaipenda. "Iko safi, Madamu. Mais meli inaomba ibakie na miezi sita mbele. Hii yako haifikishe."

"Na ya mupya?"

"Ya mupya, batu banasema mpaka Kinshasa."

"Na Kinshasa mutu anafika je, leo?"

Kijana alitazama mlangoni, akatazama dari, akatabasamu kwa huruma. "Madamu, weye njo unafundishaka jeografia."

Nilifikiri atamchapa na mwavuli. Alisema asante, akarudisha pasipoti kwenye nailoni, nailoni kwenye Biblia. Njiani hakupanda moto, tulitembea mpaka Ndosho, viatu vyake vikilia juu ya yale mawe. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Jibu lake lilikuwa zuri. Ningempa kumi juu ya kumi." Kisha akaingia ndani, na simu yake haikuwaka jioni hiyo.

Sasa nifike kwenye siku ya matanga.

Kwetu mtu mwenye msiba haulizwi. Hiyo ndiyo heshima. Ukiona dalili, unaleta kiti chako, unaleta chungu, unakaa uani kimya, yeye atasema akiwa na nguvu. Na dalili, Madamu alizitoa zote bila kujua. Aliomba ruhusa shuleni siku mbili katikati ya wiki. Alipiga pasi ya makaa kikwembe chake kizuri. Alitoa valizi, sanduku la safari la magurudumu, chini ya kitanda na kuifuta vumbi, valizi ambayo gurudumu moja lilikatika zamani kwenye mawe ya avenyi yetu. Mama yangu alichungulia kwenye ufa wa mbao, akashika mdomo.

"Kuna mutu amekufa kwao," akaninong'oneza. "Masikini, anaficha."

Ukweli tuliujua baadaye. Alikuwa ameenda bandarini, akauliza ile boti ya polepole inayopakia watu na mizigo. Inatoka Goma asubuhi, inafika Bukavu jioni, inalala huko, kesho yake inarudi. Juu kabisa ina kabine chache zenye dirisha la kuangalia maji. Aliuliza swali lake. Mwenye kukata biye akamwambia kabine ina vitanda viwili, akitaka kuwa peke yake alipe vyote viwili. Aliniambia kwamba alicheka pale bandarini mpaka wapakizi wakageuka. "Hata Kivu, Kisiwa! Hata Kivu wananitoza kitanda!" Akalipa. Kwenda na kurudi. Hakupanga kushuka Bukavu. Kama bahari haimtaki, angezungushwa na ziwa.

Basi asubuhi ile alifungua mlango wake akakuta uwanja umejaa. Mama yangu na chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mamas wa korali, waimbaji wa parokiani, kwenye mikeka. Nyumbakumi wetu, muzee wa koti la kahawia anayesimamia nyumba za avenyi, amekaa kwenye kiti cha mbele na kofia magotini. Madamu alikuwa amevaa kikwembe kizuri na rangi ya mdomo, valizi mkononi. Mama mmoja alipomwona tu akaanza kulia.

Madamu alitutazama mmoja mmoja. Uso wake ukashuka. "Nani amekufa?"

"Njo tunangoja utuambie, Madamu," mama akajibu taratibu.

"Hakuna mutu amekufa."

Yule aliyekuwa analia akanyamaza katikati, kama redio iliyokatika umeme. Nyumbakumi alivaa kofia yake. "Basi Mungu ashukuriwe. Sasa na valizi, unaenda wapi?"

"Natembea, muzee."

"Kwa nani?"

"Hakuna."

"Kufanya nini?"

"Hakuna, muzee. Naenda na kurudia."

Hapo ndipo nyuso zilibadilika. Niliona zikibadilika, nilikuwa nimesimama karibu na kamba. Mtu wa kwenda kilio wanamwelewa. Mtu wa kwenda biashara wanamwelewa. Mtu anayesoma simu kila jioni, ambaye asubuhi moja anabeba valizi na kusema haendi kokote, huyo wanamwelewa kwa namna moja tu.

"Umesikia nini?" sauti ikauliza nyuma.

"Sijasikia kitu."

"Madamu, tuambie tu. Batu ba bunduki banakuya tena?"

"Nani anakuya? Hakuna mutu anakuya!"

Lakini kiti kimoja kilikuwa kimeshaanguka, na mwenye kiti alikuwa ameshatoka. Sijui neno linakimbiaje namna ile. Mlango wa pili, wa tatu, halafu ng'ambo ya barabara, nikasikia ile sauti ninayoijua tangu utoto, sauti ya godoro likiburutwa mlangoni. Chukudu, ile skuta ya mbao ya mizigo, ilipita imebeba kitanda na kuku. Mama yangu, aliyekuwa ametoka kupika chakula cha matanga, aliingia ndani akaanza kufunga letu na kamba. Na mimi nilivaa viatu. Nilivaa soksi mbili, nikaweka daftari hili tumboni ndani ya nguo. Mikono yangu ilifanya yenyewe.

Motari aliyekuja kumchukua alikuwa getini, moto inanguruma. Madamu alimwangalia. Aliangalia barabara. Angeweza kuondoka, hakuna aliyemshika. Boti ilikuwa inamngoja na vitanda vyake viwili. Nilimwona akikaza mkono kwenye mshikio wa valizi, halafu nikamwona akiulegeza.

Alitembea mpaka kwenye kamba. Alilaza valizi juu ya mawe, akafungua zipu, na akaanza kuanika nguo zake. Nguo kavu, zilizopigwa pasi. Gauni la kulalia. Kikwembe cha pili. Sweta. Kila moja aliikung'uta kwanza, kama inavyotakiwa, akaibana kwa kibanio. Watu waliokuwa wanapita na vitu vyao walisimama kwenye mlango wa parseli wakimwangalia. Mwenye kukimbia haaniki nguo. Hilo kila mtu wa Goma analijua.

Ya mwisho kutoka ilikuwa nguo ya kuogelea, ya bluu, ya mitumba, na ua jeupe kifuani. Ya mtu anayeogopa maji. Aliishika kidogo, kisha nayo akaianika, katikati kabisa.

Nyumbakumi alisogea, akaikagua na fimbo. "Na hii, Madamu, ni ya kilio cha wapi?"

Mtu mmoja alicheka. Halafu mama yangu, godoro bado mgongoni. Halafu uwanja mzima. Magodoro yakarudi ndani. Sombe ya matanga ikaliwa, kwa sababu ilikuwa imeshapikwa. Madamu aliketi kwenye kibaraza na sahani magotini, akijibu salamu. Kutoka Ndosho honi ya boti haisikiki, lakini kwa namna alivyokuwa ameinamisha kichwa, najua alikuwa anaisikiliza.

Baada ya hapo watu walimpenda zaidi, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Kila akitoka mtu anauliza, "Madamu, ni salama?" Akinunua viatu, wanauliza. Akikaa kimya, wanauliza. Amekuwa kama yule kuku ambaye wachimbaji wanashuka naye shimoni kupima hewa, wanamwangalia kama bado anapumua. Valizi ilirudi chini ya kitanda. Swali lake la bei sikulisikia tena. Darasani alifundisha bahari zote kwa somo moja, haraka, akafuta ubao.

Mwezi uliopita ilikuwa likizo, na shangazi yangu wa Bukavu alikuwa amejifungua. Mama akanituma nikamsaidie. Mimi kusafiri watu hawakuogopa, nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na mizigo. Kila mtu wa avenyi aliniletea kitu cha kumpelekea mtu wake: fromaji za Masisi, yaani jibini, maharagwe, sufuria, kuku hai wa nyumbakumi kwa mjukuu wake. Sijui kukataa. Niliingia kwenye boti ya polepole nikiwa nimezungukwa, nikakaa chini kwenye ubao, nikalia kidogo nyuma ya maharagwe ambapo hakuna anayeona.

Goma ilikuwa imeshakuwa ndogo nilipopanda juu kutafuta hewa. Na pale kwenye chuma cha pembeni, amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika ng'ombe mkali, alikuwa Madamu wa Jeo. Alikuwa na ndala za plastiki miguuni na kikwembe cha jikoni. Hana valizi.

Tuliangaliana. Nilitaka kurudi chini.

"Kisiwa," akasema. "Weye njo mutu wa mwisho nilitaka kuona huku. Na wa kwanza ninaweza kuvumilia."

"Madamu, umetoka je?"

"Kama mutu wa kuenda sokoni. Na kikapu. Mutu wa sokoni hakuna anamuuliza kitu."

Alinionyesha kabine yake, mimi nikiwa mlangoni. Ilikuwa ndogo, na dirisha lake lilijaa maji ya bluu. Kwenye kitanda kimoja alikuwa ametandika. Kwenye kingine kulikuwa na kikapu, majani ya sombe juu, na chini ya majani mswaki, gauni la kulalia na ile nguo yenye ua jeupe.

"Nikusaidie kukitoa, ulale pazuri?"

"Kiache. Nimelipa kitanda, na kilale peke yake."

Sikuingia. Nilirudi kwenye fromaji zangu, na safari nzima nilipanda juu mara chache tu, nikisimama mbali. Alikuwa anaogopa, unaona kwenye shingo. Lakini hakuachia kile chuma na hakuingia ndani. Tulipokuwa tunapita Idjwi, kilima baada ya kilima, aliniita kwa kidole, akanionyesha. "Salimia ndugu yako, naye ni kisiwa." Halafu akafumba macho na upepo ukampiga usoni, na nilifahamu kwamba sasa natakiwa kuondoka.

Bukavu watu walishuka kwa kusukumana. Nilikuwa chini na kuku mkononi nilipomsikia mwanaume wa kontrole, mkagua biye, akipiga kelele juu. "Mama! Tumefika, shuka!"

"Miye sishuki."

"Unaenda wapi sasa?"

"Goma."

"Mais njo unatoka Goma!"

"Njo vile," akasema Madamu. "Nitafika kesho."

Simu yangu ililia nikiwa bado kwenye saruji ya bandari. Alikuwa mama, na kwa mwangwi nilijua ameiweka sauti juu na avenyi imemzunguka. Nilisikia hata nyumbakumi akikohoa.

"Madamu haonekane tangu asubuhi. Mulango umefungwa. Hajarudia sokoni. Batu huku banaanza kutoa vitu inje. Hukumuona ku bandari?"

Nyuma yake niliisikia ile sauti. Godoro.

Mimi ni mtu ambaye hajawahi kujibu swali darasani. Niliweka kuku chini, nikakanyaga kamba ya mguu wake, na nikasema kwa nguvu mpaka wapakizi wakageuka:

"Rudisheni bintu ndani! Nimemuona. Hakuna mutu amekufa. Hakuna mutu anakuya. Eko ku boti, atarudia kesho."

"Anakimbia nini?"

"Hakimbie, mama! Anatembea tu. Anazunguka ziwa juu anapenda."

"Na nani?"

"Peke yake."

Kwa mbali nilisikia watu wakirudiarudia neno langu, kisha viti, kisha mlango ukifungwa. Mwangwi ukakatika: mama alikuwa ameishusha sauti na kusogea pembeni. Nilimsikia akipumua. Huyu mama yangu, aliyenibeba kutoka Masisi mgongoni na godoro kichwani, akaniuliza polepole, kama hataki hata mimi nisikie:

"Na mutu peke yake… ni ngapi?"